Bloga wa siasa amemwanika dadangu juu ya swali aliuliza kwa mkutano wa bajeti. Tufanye nini?

MkaaziWaLanet

Hamjambo wote. Niko Nakuru na naandika hii nikiwa na machungu, mnisamehe ikiwa ndefu.

Dadangu anauza mitumba, nguo za watoto. Si mtu wa siasa, hana kadi ya chama chochote. Juzi kulikuwa na mkutano wa kaunti wa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti, ile ya kuandika jina na namba ya simu kwa karatasi ukiingia, wakaenda na wenzake wa soko. Zamu yake ilipofika akasimama akauliza mbona wanatozwa ushuru kila asubuhi na choo cha soko kimefungwa kufuli, akina mama wanalipa kwa hoteli ya jirani ndio wajisaidie, na ile pesa ya kurekebisha choo iliyosomwa kwa bajeti iliyopita ilienda wapi. Basi, hakutukana mtu. Akakaa chini watu wakampigia makofi.

Usiku huo huo bloga mmoja wa siasa za huku, ana wafuasi wengi Facebook na kila mtu anajua anaandikia upande gani, akaposti picha yake. Aliitoa kwa akaunti ya dadangu mwenyewe, picha ya siku ya kufunga shule amesimama na mtoto wake, yunifomu inaonekana na jina la shule linasomeka kwa sweta. Akaandika ati huyu si muuzaji, ni mpango wa kando wa mheshimiwa fulani, amelipwa kuja kuvuruga mkutano. Komenti zikajaa na mtu akaweka namba yake ya simu pale chini. Sasa simu inalia mpaka usiku wa manane, wanaume hajawahi kuwaona wanamuuliza bei yake.

Asubuhi nilikuwa naye kwa meza. Vijana wakaja, hawanunui, wameinua simu tu wanarekodi wakicheka, mmoja akashika suruali ndogo ya mtoto akaipandisha juu akauliza kama hii pia imenunuliwa na mheshimiwa. Dadangu aliendelea kukunja nguo, anakunja ile moja anaifungua anaikunja tena. Wale wamama wa meza za kando walinyamaza kabisa, na ni wao walimtuma aende kuuliza hilo swali.

Nimeambiwa mambo mawili. Moja, niende polisi huyo bloga ashikwe. Mbili, nitafute bloga wa upande ule mwingine nimlipe kitu kidogo amwage uchafu wa huyu. Zote mbili roho inakataa lakini sina la tatu. Nyinyi mngefanya aje?

Boda_Kondele

Pole sana kwa dadako, kwa kweli hiyo ya mtoto imeniuma.

Hiyo ya polisi wacha niiseme kwanza. Mimi ni mtu wa Homa Bay natafutia maisha hapa Kisumu. Albert Ojwang alikuwa mwalimu na alikuwa anaandika mitandaoni, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 akapelekwa Nairobi, zaidi ya kilomita 300, wakipita stesheni za polisi zote za hiyo njia, juu ya posti kuhusu naibu inspekta jenerali Eliud Lagat. Kesho yake alikuwa maiti. Wakatuambia amejigonga kichwa kwa ukuta wa seli. Upasuaji wa maiti ukaonyesha kichwa kimeumizwa, shingo imekabwa na mwili una majeraha kila mahali, na daktari akasema wazi hayo si majeraha ya mtu kujigonga. Mzee wake alikuwa amefuata nyuma na hati ya shamba mkononi akidhani atamtolea kijana dhamana nayo.

Kwa hivyo mtu akisema bloga ashikwe mimi damu inasimama, hata akiwa ni huyu wenu mbaya. Leo atashikwa yeye juu ya dadako, kesho atashikwa dadako juu ya hilo swali la choo, na ni rahisi zaidi kumshika dadako juu yeye hana mheshimiwa wa kumpigia simu.

SemaUkweli254

Mimi nitasema kitu hamtapenda. Mtu akisimama mbele ya watu na kamera ziko, ameingia siasa. Akina sisi tumetukanwa kwa hizi grupu miaka na miaka na hatujakufa. Gavana anachorwa vibaya kila siku, mbunge anaitwa mwizi na mnasherehekea, mbona ikifika kwa mtu wenu inakuwa uonevu? Mkitaka uhuru wa kuandika muukubali wote.

MkaaziWaLanet

@SemaUkweli254 ndugu yangu, gavana ana mshahara wetu, ana walinzi, ana watu wa kumjibia wameajiriwa. Dadangu ana meza moja ya mbao. Angeandikwa amedanganya kuhusu choo ningenyamaza, waende wapige picha ya hiyo kufuli waonyeshe dunia iko au haiko. Lakini hakuna mahali kwa hiyo posti yote choo kimetajwa, hata mara moja. Imekuwa ni mwili wake, na nani analala naye, na uso wa mtoto. Na mtoto hakusimama kwa mkutano wowote.

RedioYaZamani

Niko Kakamega. Nimefanya redio ya lugha ya mama miaka mingi kabla nistaafu, kwa hivyo nitaongea kidogo kuhusu viwango maana ndipo shida imelala.

Sisi hatukuwa malaika. Baada ya vita vya uchaguzi wa 2007 Tume ya Waki, iliyochunguza vile vita, ilisema wazi kwamba baadhi ya vituo vya lugha za mama vilichochea watu, na Joshua arap Sang wa Kass FM alipelekwa mpaka mahakama ya kimataifa ya Hague, kesi yake ikakatizwa Aprili 2016. Ilituingia. Hata watu wa vituo ambavyo havikuguswa walianza kuogopa maikrofoni, na ile hofu ilikuwa nzuri. Ungeleta stori ya kumtaja mtu, mhariri hakuulizi kama ni tamu, anauliza umempigia simu? Amesema nini? Kama hukumpigia stori inalala. Ukileta picha ya mtoto unaulizwa mzazi amekubali wapi. Na tukikosea kulikuwa na mlango wa kubisha, kuna Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, iko na kanuni za maadili na Tume ya Malalamishi. Mtu wa kijijini kabisa angeweza kukileta kituo kizima mezani.

Huyu bloga hana mhariri na hayuko chini ya hilo Baraza. Lakini msidhani anaandika juu ana hasira na dadako, pengine hata hamjui. Hiyo ni kazi. Maneno yanatumwa kwa grupu ya WhatsApp yakiwa yameshaandikwa, na picha, na saa ya kuposti. Mwaka 2021 Mozilla Foundation walitoa ripoti ya Odanga Madung na Brian Obilo kuhusu hii biashara hapa Kenya, walikuta watu wanalipwa kati ya dola 10 na 15 kushiriki kampeni moja ya kuchafua watu. Hiyo kwa pesa ya wakati huo ni elfu moja na kitu. Wakati huo walikuwa wanawapiga majaji na wanaharakati waliopinga BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, sasa imeshuka mpaka kwa mama wa mitumba.

Na ndio maana hiyo ya kulipa bloga mwingine mimi nakukataza kama mzee. Utamlipa leo, wiki ijayo yeye na huyu wa kwanza watakuwa meza moja na bosi mmoja, na wote wawili wana picha ya dadako.

KalamuYaNax

Mimi ni bloga hapa Nakuru, naandika mambo ya kaunti, na naona tunachapwa wote na fimbo moja, hiyo ndio inanifanya nijibu.

Magazeti makubwa hayana mtu wa kukaa kwa bunge la kaunti siku nzima. Mwandishi wa mashinani analipwa kwa stori, na stori ya choo cha soko hailipi. Sisi ndio tunasoma ripoti za Mkaguzi Mkuu za kaunti ukurasa kwa ukurasa tunatoa zile za barabara zimelipiwa na hazipo, na tunafanya hivyo na bando yetu wenyewe. Na tunaogopa pia. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilipotungwa ilisema ukichapisha habari ya uongo ya kuleta taharuki ni faini ya mpaka milioni 5 au jela miaka 10. Nani anaamua ni uongo saa hiyo OCS, mkuu wa stesheni ya polisi, anakungoja mlangoni? Ndio maana chama chetu cha wanablogu, BAKE, kilienda kortini kuipinga mwaka huo huo, vifungu 26 vikasimamishwa, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikairudisha yote.

Lakini huyu wenu namjua kwa maandishi, si lazima mumtaje, na alichofanya si kublogu. Mimi nikitaja mtu namtumia ujumbe kwanza, akijibu naweka jibu lake pale pale juu, si kwa komenti ya mwisho. Hakuna sheria ilinilazimisha. Kama mko tayari, mimi nitaandika stori ya choo yenyewe, ushuru unaokusanywa na kile bajeti ilisema, bila jina la dadako na bila kumtaja huyo jamaa. Waongee juu ya choo.

KaraniBungoma

Nafanya kazi kwa ofisi ya wakili huku Bungoma, mimi si wakili lakini hizi faili napita nazo mkononi. Nitaandika vile zinakuja kichwani.

Kwanza hifadhi kila kitu leo, kabla hajafuta. Skrinshoti peke yake haitoshi, hakikisha linki ya posti inaonekana, tarehe na saa, jina la ukurasa, na ile komenti ya namba ya simu na nani aliiweka. Andika ni simu gani ilitumika na nani aliishika, juu kortini ushahidi wa kielektroniki unaambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na mtu anayetia sahihi ni yule aliyetoa hizo nakala. Nimeona kesi nzuri zikilegea hapo.

Kuhusu polisi namuunga mkono Boda. Kuchafuliwa jina si jinai tena Kenya, kile kifungu cha 194 cha Sheria ya Adhabu kilitupwa na Mahakama Kuu Februari 2017. Ile sheria ya 2018 ina kifungu cha 27 cha kunyanyasa mtu mtandaoni, adhabu yake inafika milioni 20 au miaka 10, lakini ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2025 mahakama ikasimamisha sehemu za hicho kifungu siku chache tu baada ya rais kutia sahihi, kwa hivyo mkitaka kupitia hapo lazima mkae na wakili kwanza.

Njia ambayo watu wanaisahau ni data. Picha, namba ya simu na uso wa mtoto ni data ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko. Unapeleka malalamishi kwa Ofisi ya Kamishna wa Data na sheria inawapa siku 90 kumaliza. Si maneno matupu, mwaka 2023 walipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja.

Atasema yeye ni mwanahabari. Mwacheni aseme! Kifungu cha 52 kinampa mwandishi nafasi pale ambapo habari ni ya manufaa kwa umma, lakini kinamtaka aonyeshe amefuata kanuni za maadili za kazi hiyo. Zile zile Mzee wa redio amezitaja hapo juu. Akitaka kujificha kwa uanahabari, aeleze basi alimpigia nani simu na mtoto aliingilia wapi kwa hiyo habari.

Na Katiba kifungu cha 35(2), kila mtu ana haki ya habari ya uongo inayomhusu kusahihishwa au kufutwa. Watu wanajua 33 ya uhuru wa kusema, hii ya 35 hawaigusi. Barua ya kwanza ya wakili itaje hiyo. Mkifika kudai fidia jueni korti ya madai madogo haipokei kesi za kuchafuliwa jina, mtaenda kwa hakimu, na muda ni miezi 12 tangu ichapishwe. Msikae.

SemaUkweli254

Sawa, hapo kwa mtoto nimeelewa, mtoto atolewe. Lakini bado nasema mkianza kukimbilia ofisi za serikali kwa kila posti hao wa serikali ndio watashinda. Hizo ofisi kesho zitatumiwa na mheshimiwa kuondoa picha ya nyumba yake.

KaraniBungoma

Hiyo hofu ni ya haki na siidharau. Wakubwa hutumia sheria kuliko wadogo kwa sababu wana mawakili. Tofauti ninayoona mimi ni kwamba hapa hakuna mtu analala seli. Inaandikwa barua, upande wa pili unajibu kwa maandishi, uamuzi unatoka na sababu zake na unakatiwa rufaa. Mheshimiwa akileta yake, naye ataulizwa kama nyumba imejengwa na pesa ya umma.

TichaWaVihiga

Mimi ni mwalimu na nimesoma yote, hamjaongea kuhusu watu walioshea. Bloga aliandika mara moja, walioipeleka kila grupu ya mtaa ni majirani. Mwanamke kwetu akiongea kwa baraza, kitu cha kwanza kinatafutwa ni amelala na nani, hata kabla mitandao ije ilikuwa hivyo, sasa imepata tu mbio. Na lengo ni wale wamama wa meza za kando ambao umesema walinyamaza. Mkutano mwingine wa bajeti ukiitwa hakuna atakayesimama, na Katiba imesema kaunti lazima isikize wananchi ndio ipitishe hayo mambo. Watasikiza nani?

Mama mtoto aende shule mwenyewe aongee na mwalimu wa darasa kabla watoto wengine waanze, asingoje. Aulize pia grupu ya wazazi admini aondoe hiyo picha, admini wengi wakiombwa kwa heshima na kupigiwa simu, si kuandikiwa, wanatoa. Na Facebook ripoti kwa upande wa picha ya mtoto na namba ya simu, msiripoti kama habari ya uongo, hiyo inakaa.

MkaaziWaLanet

Asanteni sana, nimemsomea dadangu zote, hiyo ya 35 amenirudishia mara mbili nimsomee.

Kuna kitu sikuweka mwanzo. Jana jioni mtu alimwandikia, hakujitaja, ati posti inaweza kutolewa akituma elfu ishirini kwa namba fulani, na asipotuma kuna nyingine inakuja wikendi. Shemeji alikuwa ashaanza kukopa.

Boda_Kondele

Usitume hata bob! Ukituma wanajua mlango uko wazi.

KaraniBungoma

Shemeji arudishe hiyo pesa. Usifute huo ujumbe na usimjibu kwa hasira, ukijibu uliza tu yeye ni nani na anatumwa na nani. Kudai mtu pesa kwa vitisho ni jinai kabisa, haina ubishi wa uhuru wa kusema, na hiyo sasa ndio unaweza kuandikisha polisi, lakini uende na wakili au mtu wa haki za binadamu na utoke na namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Simu isifutwe vitu vyote ikaanza upya, isiuzwe, isibadilishwe laini.

RedioYaZamani

Na rekodi ya mkutano mnayo? Maana bloga anasema dadako alivuruga. Mkiwa na sauti yake akiuliza swali kwa utaratibu, hiyo posti inabaki uchi. Karani wa bunge la kaunti huwa na kumbukumbu, ombeni kwa barua, hiyo pia ni haki chini ya 35.

MkaaziWaLanet

Hatuna. Yeye simu yake ilikuwa imezima. Barua ya karani tunaandika leo usiku na kesho asubuhi tunaenda ofisi ya data hapa mjini, wenzake wawili wa soko wamekubali kuja kama mashahidi. @KalamuYaNax stori ya choo iandike, amekubali, ila amesema picha ya kufuli ipigwe asubuhi kabla ya saa mbili juu kuanzia hapo kuna mtu wa kaunti hukaa hapo.

Na kama kuna mtu humu alikuwa kwa huo mkutano na alirekodi, hata kama ni sauti tu, hata kama ni dakika moja, tafadhali nitumie inboksi.